Salamu si kupoteza wakati

Haya jamani, leo mnivumilie, maana nina donge kooni. Katika timu nyingi za programu siku hizi mkutano wa kila siku unaanza bila hata "hamjambo". Kamera zimezimwa, meneja anataja jina, nawe unaitika kama mtoto anayeitwa rejista. Jana nilifanya hiki, leo nafanya kile, sina kizuizi. Anayefuata!

Ukiuliza sababu, utaambiwa ndivyo Scrum inavyotaka. Wapi! Mwongozo wa Scrum unasema mkutano usizidi dakika 15, haujasema watu wasisalimiane. Yale maswali matatu tunayoyakariri kama dua yaliondolewa kwenye mwongozo wenyewe katika toleo la 2020. Na wale watu 17 waliokutana Snowbird, Utah, mwaka 2001 wakaandika ilani ya Agile, walitanguliza watu na mazungumzo yao, taratibu na vifaa vikafuata. Sisi tukabeba taratibu, watu tukawaacha hukohuko.

Tulikuwa na kijana aliyekuwa akiunganisha mfumo wetu na M-Pesa. Siku tisa mfululizo alisema, "Naendelea vizuri, sina kizuizi." Meneja akaanza kunong'ona kwamba jamaa ni mvivu. Ukweli tuliupata siku tulipoongezwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha kuchangia bili ya hospitali. Mama yake alikuwa amelazwa Kakamega, naye alikuwa anaingia mkutanoni kwa simu akiwa kwenye benchi nje ya wodi. Kazi ile mwenzake angeichukua siku ya pili tu. Lakini angeanzia wapi kuwaambia watu ambao hawajawahi kumuuliza hata anatoka wapi? Ukimuuliza mtu asiyekujua kama amekwama, atakwambia hajakwama. Hata mimi ningesema hivyo.

Wapo mameneja walioliona tatizo hili, ila dawa yao ni chungu kuliko ugonjwa. Michezo! "Kama ungekuwa mnyama, ungekuwa mnyama gani?" Fikiria mtu mzima, saa moja jioni Nairobi (wateja wetu wako San Francisco, kwao ni asubuhi), harufu ya sukuma wiki inatoka jikoni, mtoto anavuta shati, naye anatakiwa achague kati ya twiga na pomboo. Kesho yake hakuna anayekumbuka alichochagua, kwa sababu aliyeuliza hakutaka kujua.

Na haya mambo tunayajua tangu utotoni, bila mshauri wa kulipwa. Habari za nyumbani? Mvua imefika kwenu? Mtoto alipona? Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana linaonyesha kwamba juzi ulisikiliza. Meneja naye ajibu, tena kwa ukweli, si "niko poa" ya kukimbilia orodha ya kazi. Asiyetaka kusema mengi aseme "njema" na aachwe na "njema" yake.

Najua kuna atakayetoa kikokotoo: watu 8 mara dakika 5 ni dakika 40 za kampuni kila siku. Sawa, ndugu. Ukimaliza hiyo, nipigie na hesabu ya zile siku tisa.