Kabla ya kuliombea tela, tulizunguke



Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu kutoka Dar es Salaam ikifika hapa inagawanyika: moja inakwenda Mbeya hadi Tunduma, nyingine inakwenda Njombe, kilomita 60 hivi, na kuendelea Songea. Usiku na mchana matela yanapita yakielekea Zambia, Malawi na Kongo. Katika sharika zetu ni Jumapili chache zinazopita bila mama mmoja kusimama na kusema, "Naomba mnikumbukie mwanangu, yuko safarini."

Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa usharika aliniita nikaombee gari lake. Alikuwa amenunua tela lililokwishatumika, na siku hiyo lilianza safari ya kwanza kwenda Lubumbashi. Kwaya iliimba, soda zikagawiwa. Nilisimama mbele, nikaweka mkono juu ya boneti, nikaomba kwa sauti. Tulipomaliza, dereva alinivuta pembeni. "Shikamoo Mchungaji. Niombee na mimi, maana breki za tela zinavujisha upepo, na bosi amesema tutatengeneza tukirudi."

Nilimwombea. Hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Nilimwombea, nikala chakula, nikaenda nyumbani. Sikumwambia mzee neno lolote, kwa kuwa alikuwa mtoaji mzuri na tulikuwa tunaezeka kanisa.

Kwenye mteremko mmoja upande wa Mbeya tela lilikisukuma kichwa, breki zikakataa. Kijana aliona daladala mbele yake, akaamua kuligongesha gari kwenye ukingo wa mlima. Hakufa, lakini alipoteza mguu. Paa la kanisa tulilimaliza mwaka huo huo. Kila nikilitazama namkumbuka yeye.

Ndipo nikaisoma upya sura ya 7 ya kitabu cha Hesabu, ambayo wengi tunairuka kwa sababu ya idadi zake. Wakuu wa Israeli walileta magari 6 na ng'ombe 12 kwa kazi ya hema. Musa hakuyagawa sawasawa. Wana wa Gershoni, wabeba mapazia, walipewa magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, wabeba mbao, nguzo na vitako, walipewa magari 4 na ng'ombe 8. Wana wa Kohathi hawakupewa gari, kwa kuwa vitu vitakatifu vilibebwa mabegani. Mzigo ulipimwa kwanza, safari ikafuata.

Baadaye, katika 2 Samweli 6, Daudi aliliweka sanduku la Mungu juu ya gari jipya. Nyimbo zilikuwepo, ngoma zilikuwepo, nia ilikuwa njema. Ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono, akafa. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15 Daudi mwenyewe alikiri kwamba hawakufuata utaratibu. Sisemi kila ajali ni adhabu ya Mungu. Asiwepo wa kumwambia hivyo mjane wa dereva. Ninasema nyimbo haziwezi kushika nafasi ya utaratibu.

Na utaratibu tunaujua. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake. Anayetafuta ujanja wa kupita mizani kisha akaleta sadaka ya shukrani, ajue sehemu ya sadaka hiyo ameitoa kwenye maisha ya dereva wake. Tela lina namba yake ya usajili, na bima yake nayo iulizwe. Ng'ambo ya mpaka kuna kadi ya njano ya COMESA, inayolipa madhara tunayowasababishia wenyeji. Mtoto anayegongwa njiani kwenda Kasumbalesa ana mama, kama mtoto wa Makambako.

Tena Kongo magari hupita upande wa kulia. Dereva wetu, ambaye usukani wake uko kulia, akitaka kulipita gari lililo mbele haoni mpaka kichwa kiwe kimeingia njia ya wengine. Anahitaji subira, na subira haikai na bosi anayepiga simu kila saa kuuliza, "Umefika wapi?"

Jirani yetu ni huyu pia anayekuja nyuma usiku. Tunaoishi Njombe tunaujua ukungu wetu. Tela limeharibika, taa za nyuma hazipo, na onyo ni matawi mawili ya mti yaliyotupwa barabarani. Likitengenezwa linaondoka, na mawe yaliyozuia matairi yanabaki palepale kumsubiri mwenye bodaboda. Triango mbili na viakisi mwanga si gharama kubwa kwa mtu anayenunua tela. Kuyaondoa mawe hakugharimu kitu.

Wachungaji wenzangu, tukiitwa kuombea gari, tusiishie kwenye boneti. Mimi sasa naanzia nyuma. Nazunguka na dereva mbele ya mwenye mali: taa, matairi, breki, pale kichwa na tela vinapoungana, kamba za mzigo. Namwuliza dereva hapo hapo, bosi akisikia, "Kijana, kuna kitu hakijatengenezwa?" Mara mbili nimeahirisha maombi mpaka fundi aje. Mzee mmoja alikasirika na hajarudi kanisani kwetu. Inaniuma, lakini siombi msamaha.

Wenye magari, kama mnasema "tutatengeneza tukirudi", jiulizeni ni nani aliyewahakikishia kurudi huko. Na ninyi mama zetu, endeleeni kuwaombea watoto. Ila mkiwapigia simu, waulizeni pia, "Mwanangu, umelala? Breki zinashika?"

Nawatakia Jumapili njema.