Mjue Fundi wa Tovuti Kabla Hujampa Biashara Yako

Lamu mtu hanunui mashua bila kumjua aliyeiunda. Kule Matondoni fundi hufanya kazi ufuoni, mbele ya macho ya watu. Mkuku unaonekana, mataruma yanaonekana, na kabla chombo hakijashushwa majini kila mpita njia ameshatoa maoni yake. Sisi tunaona fundi wa tovuti naye apimwe hivyo hivyo.

Tunasema hivi kwa sababu wenye nyumba za wageni Shela na wenye boti za Mokowe na Manda wanazidi kutaka tovuti ambayo mgeni anaweza kuweka nafasi na kulipa kwa simu. Ni jambo jema. Lakini anayeiunda tovuti ndiye anayeandika pesa ziingie wapi. Akiweka namba isiyo yako, mteja atalipa, atapata ujumbe kwamba amelipa, na wewe hutaona kitu.

Sasa fundi mzuri utamjuaje? Cheti kina thamani yake, ila tunashauri utazame zaidi kazi zake. Alianzia wapi? Ameunda nini? Anapenda kujifunza nini? Na je, anaieleza kazi yake waziwazi?

Mfano tunao hapa Kenya. Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya mtandaoni ambayo raia wangeitumia kuripoti yanayotokea kwao. David Kobia, Mkenya mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi Marekani, aliiunda pamoja na wenzake kwa siku chache tu. Ikaitwa Ushahidi. Baadaye msimbo wake ukawekwa wazi, yeyote ausome, aurekebishe na autumie. Mwaka 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, programu hiyo ilitumika huko. Kazi iliyofichwa kabatini isingefika mbali hivyo.

Wengine watatuambia, "Mimi sijui mambo ya programu, nitamuuliza nini?" Mbona mashua unauliza, na hujawahi kushika tezo? Muulize haya:

- Tovuti gani ulizounda bado zinafanya kazi? Kisha wapigie simu wenyewe.
- Jina la tovuti litasajiliwa kwa jina la nani? Liwe lako, ili mkikosana asiondoke nalo.
- Pesa zitaingia kwenye namba gani? Iwe ya biashara yako. Jilipe mwenyewe shilingi 10 uone zinafika wapi, kabla hujamkaribisha mteja wa kwanza.
- Namba za simu za wateja wangu zitakaa wapi, na nani ataziona? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu wewe pia.

Jambo moja halina mjadala: namba ya siri. Tovuti ya kweli huomba namba yako ya simu tu. Namba ya siri unaiweka kwenye ujumbe unaojitokeza kwenye simu yako, baada ya kusoma jina la biashara na kiasi. Tovuti yenyewe ikikuomba namba ya siri, ifunge hapo hapo. Wala usidanganywe na alama ya kufuli pale juu. Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Halisemi kama mwenye tovuti ni mwaminifu. Mwizi naye anaweza kuwa na kufuli.

Na nyinyi vijana wa Lamu, Faza na Kizingitini mnaojifunza kazi hii, msingoje kuitwa wataalamu. Andikeni mnachojifunza, onyesheni mlichounda, elezeni na pale kilipowasumbua. Mwenye duka hatausoma msimbo wenu wote, lakini ataona kwamba hamna cha kuficha, na hapo ndipo atawakabidhi pesa za wateja wake.