Kasuku awavute wageni Rusizi, asivushwe ndani ya katoni

Jua halijapanda vizuri juu ya vilima vya Kamembe, na tayari foleni ya wafanyabiashara imejipanga kwenye mpaka wa Rusizi I. Nyanya, vitunguu, mboga na maziwa vinaelekea Bukavu. Kuku nao wamo, wamejazwa ndani ya matenga, wanapiga kelele njia nzima na hakuna anayewajali. Yupo ndege mwingine ambaye, akivushwa, havushwi kwa tenga. Hufichwa ndani ya katoni au chini ya nguo, manyoya ya mabawa yamekatwa, mkia mwekundu umekunjwa. Ni kasuku wa kijivu, ndege wa misitu ya Kongo anayejua kuigiza sauti ya binadamu, na kipaji hicho ndicho kilichomponza.

Mfanyabiashara mdogo humjua kasuku huyu kwa njia moja tu: mtu asiyemfahamu vizuri humwomba abebe mzigo mwepesi hadi ng'ambo kwa ujira kidogo. Mzigo hauna uzito, na ujira unaonekana wa bure. Lakini mzigo ukifunguliwa, anayekamatwa ni aliyeubeba. Mwenye mali yuko mbali, simu yake imezimwa. Anayebaki kituoni ni mama ambaye mtaji wake wote ni beseni la samaki, na siku hiyo samaki hao wataoza.

Afadhali wafanyabiashara wajue sheria inasemaje. Nchi wanachama wa mkataba wa kimataifa wa CITES zilikutana Johannesburg mwaka 2016 na kumwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, kundi la wanyama ambao biashara ya kimataifa ya wale waliokamatwa porini haikubaliki. Uamuzi huo ulianza kutumika Januari 2, 2017. Rwanda ina sheria yake ya bioanuwai ya mwaka 2021. Kongo iliuwekea uamuzi wa Johannesburg pingamizi, na kwa miaka kadhaa walanguzi waliitumia nafasi hiyo, lakini Julai 2025 serikali yake ilitangaza kupiga marufuku ukamataji na biashara ya ndege huyo. Kwa hiyo pande zote mbili za daraja sasa zinasema neno moja. Hati rahisi ya uasilia, inayomsaidia mfanyabiashara mdogo wa Afrika Mashariki kuvusha bidhaa zisizozidi dola 2,000, haimwokoi mtu aliyebeba kasuku.

Na hasara ya ndege ni kubwa kuliko inavyoonekana. Wawindaji hupaka ulimbo kwenye matawi, humfunga kasuku mmoja awe chambo cha kuita wenzake, na kundi zima linanaswa kwa asubuhi moja. Wengi hufa kwa kiu, majeraha na msongamano kabla ya kumfikia mnunuzi. Mmoja anayeonekana sokoni ana wenzake waliotupwa njiani. Kasuku huyu huzaa polepole, hutaga mayai machache ndani ya tundu la mti mkubwa, na akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 na zaidi. Msitu ukishamalizwa kasuku wake, kizazi cha leo hakitawaona tena.

Hata hivyo hakuna haja ya kumlaumu anayempenda kasuku. Kumpenda si kosa. Swali ni wapi pa kwenda kumwona bila kumnunua, na hapa ndipo Rusizi inapoacha fedha ipite mlangoni.

Mfanyabiashara anayekwenda Kampala kuchukua bidhaa anaweza kujaribu. Akimaliza shughuli zake, apande gari hadi Entebbe, mwendo wa kilomita 40 hivi. Pale ipo bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1898, na juu ya miti yake mikubwa kando ya Ziwa Victoria kasuku wa kijivu huruka wakiwa huru. Si mbali na hapo kipo kituo cha elimu ya wanyamapori, kilichoanza mwaka 1952, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikipokea wanyama na ndege walionyang'anywa walanguzi. Watu hulipa kiingilio, watoto wa shule huletwa kwa mabasi, na nje ya lango kuna wauza matunda, vinywaji na vitenge. Kusini zaidi, Afrika Kusini, bustani ya Birds of Eden karibu na Plettenberg Bay imefunika bonde zima kwa wavu, zaidi ya hekta mbili, na wengi wa ndege wanaoruka humo walikuwa zamani wamefungwa kwenye vizimba vya majumbani. Wageni wanatoka ng'ambo ya bahari kwenda kuwatazama.

Wala Rwanda haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Miaka michache tu iliyopita ilikuwa kawaida kumwona korongo mwenye taji, yule Wanyarwanda wanayemwita umusambi, akitembea kwenye uwanja wa hoteli au wa nyumba ya tajiri, mabawa yamekatwa. Serikali na shirika la RWCA, lililoanzishwa na daktari wa mifugo Olivier Nsengimana, hawakuanza kwa pingu. Waliwaita wenye korongo wajiandikishe, ndege wakapimwa afya, wenye nguvu wakapelekwa Akagera kujifunza tena maisha ya porini. Waliovunjika mabawa kiasi cha kutoweza kuruka kamwe walitengewa eneo la ardhi oevu pembezoni mwa Kigali, Umusambi Village, ambako mgeni hupita kwenye vijia na kuwaona wakila na kucheza ngoma yao. Hesabu ya korongo nchini ilikuwa 487 mwaka 2017. Mwaka 2021 walihesabiwa 881. Ndege aliyekuwa pambo la ua sasa anawapa watu ajira bila kuuzwa.

Kwa nini basi mji wa mpakani, ulio jirani na nchi yenye kasuku wengi, usiwe na mahali kama hapo? Mtalii anayekwenda Nyungwe kutoka uwanja wa ndege wa Kamembe hupita Rusizi kwa haraka, akiwaza lango la Gisakura na lile daraja la juu ya miti lililofunguliwa mwaka 2010. Tangu UNESCO ilipouingiza msitu huo katika urithi wa dunia Septemba 2023, sababu za kuja zimeongezeka. Nyungwe haiendewi kwa ajili ya kasuku. Anayeufuata msitu ule anafuata shorobo, hondohondo na sokwe, hata katika kile kipande kidogo cha Cyamudongo kilicho ndani ya wilaya ya Rusizi yenyewe. Bustani ya kasuku waliookolewa ingempa mgeni huyo sababu ya kulala usiku mmoja Kamembe. Usiku mmoja ni chumba, ni sambaza wa kukaanga, ni pikipiki, ni boti ya kuzunguka visiwa vya Kivu.

Faida ya pili ni ya kazi. Kasuku akinaswa mpakani, kazi ndiyo kwanza inaanza. Lazima atengwe, maana ndege hawa huweza kubeba ugonjwa unaowaambukiza watu kwa vumbi la kinyesi. Manyoya yaliyokatwa yanahitaji miezi kuota. Baada ya hapo afundishwe kuruka na wenzake, ndipo arudishwe msitu wa kwao. Upande wa Kongo, kituo cha Lwiro karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani, kimewapokea kasuku pia, lakini tangu vita ilipofika Bukavu Februari 2025 hakuna anayeweza kukitegemea kituo kimoja kibebe mzigo wote. Ibara ya 116 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inazitaka nchi wanachama zilinde wanyamapori kwa pamoja, na Kongo ni mwanachama tangu 2022. Ibara hiyo haitawalisha kasuku wasio na pa kuwekwa.

Wapo watakaosema ni anasa, kwamba soko linahitaji paa kabla ya ndege kuhitaji wavu. Hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana mradi usianze kwa jengo la fahari. Uanze na vizimba vipana, daktari wa mifugo mmoja na mkataba wa kununua karanga, mahindi, matunda na ngazi za mchikichi kutoka kwa vyama vya wafanyabiashara wa hapo hapo. Hatari iliyo kubwa kuliko gharama ni nyingine: bustani inayonunua kasuku, au inayowauza kwa jina la kuwazalisha, itakuwa duka lenye kibali, na ulimbo utarudi kwenye matawi. Sharti liandikwe tangu siku ya kwanza kwamba ndege haingii kwa fedha wala hatoki kwa fedha. Hata kumweka begani kwa mgeni ili apigwe picha kukatazwe, maana mtoto akishampenda hivyo atataka wake nyumbani.

Wilaya inaweza kuanza hata kabla ya kupata kiwanja. Wapo watu Kamembe na Bugarama waliopewa kasuku na ndugu au waliowanunua zamani bila kujua, na leo wanaogopa hata kumwita daktari ndege akiugua. Wapewe siku maalumu za kuwaandikisha bila kukamatwa, kama walivyopewa wenye korongo, na viongozi wa vyama vya wafanyabiashara wa mpakani wapewe kazi ya kulitangaza hilo kwenye foleni ya asubuhi, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Mashi.