Kifurushi Kikubwa Hakivuki Ukuta

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umefika Singida, lakini ndani ya nyumba nyingi kasi hufia sebuleni. Ruta huachwa pale pale fundi alipoingizia waya, mara nyingi nyuma ya runinga. Chumbani simu ikisuasua, familia hukimbilia kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Hiyo ni pesa ya ada inayoteketea bure.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kuta za tofali vizuri zaidi, ila husongamana haraka. Ya gigahezi 5 yana kasi, lakini hayafiki mbali. Simu ya zamani ibaki kwenye 2.4. Kompyuta ya mwanafunzi iliyo karibu ihamie 5, na runinga, ambayo haitembei, ivutiwe waya. Sababu ya kuvitenganisha ni kwamba kifaa cha kiwango cha Wi-Fi cha mwaka 2003 hukalia hewa muda mrefu kupokea data kidogo, huku vingine kwenye mawimbi hayo hayo vikisubiri.

Wauzaji wa huduma wana wajibu hapa: fundi asiondoke kabla ya kupima mawimbi chumba kwa chumba. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, juu, mbali na mabati na friji. Ikishindikana, ndipo inunuliwe ya pili, iunganishwe kwa waya.