Saratani Inayorudi: Askari Asiache Lindo

Askari yeyote aliyefunzwa vema anajua kwamba kumfukuza adui ni jambo moja, na kuilinda ardhi aliyofukuzwa ni jambo jingine. Kikosi kinachoshinda mchana na kulala bila lindo usiku huweza kupoteza alfajiri yote kiliyoyapata. Kanuni hiyo huheshimiwa sana kambini na vituoni, lakini katika afya ya miili yetu huwa tunaisahau.

Makala haya yahusu saratani ya puru, hasa ile inayorudi baada ya mgonjwa kupasuliwa na kurejea kazini. Puru ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, yenye urefu wa karibu sentimita 15. Imekaa ndani kabisa ya nyonga, ikipakana na kibofu, viungo vya uzazi, mishipa mikubwa ya damu na sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kwa kuwa ugonjwa wa mahali hapo huonewa haya, hautajwi. Mtu akiona damu katika choo husema ni bawasiri, hununua dawa dukani, na shauri huishia hapo. Haya ya namna hiyo imewapeleka kaburini watu wengi ambao wangeweza kupona.

Wako pia wanaojifariji kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Zamani ulikuwa nadra kweli katika nchi zetu. Daktari Denis Burkitt, aliyetumikia jeshi la Uingereza kama tabibu katika Afrika ya Mashariki na baadaye akafanya upasuaji katika hospitali ya Mulago, aliliona jambo hilo, na mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni chakula chetu chenye makapi na nyuzinyuzi nyingi. Lakini tangu siku hizo vyakula na maisha yetu vimebadilika, na daftari la saratani la Kampala limeonyesha kwamba saratani ya utumbo mpana na puru inaongezeka. Faraja hiyo basi haina msingi tena.

Yafaa tujue jinsi madaktari walivyopambana na tabia ya ugonjwa huu ya kurudi. Mwaka 1908, mpasuaji wa London aitwaye Ernest Miles alitoa hesabu ya kazi yake mwenyewe bila kuficha kitu. Alikuwa amewapasua wagonjwa 57 kwa njia ya chini tu, na 54 kati yao walirudiwa na saratani katika muda wa miaka mitatu. Badala ya kulaumu bahati, aliuliza adui alikuwa amejificha wapi. Akatambua kwamba mbegu za ugonjwa hubaki juu, katika mafuta na tezi zinazoizunguka puru, akabuni upasuaji wa kuingia kwa tumbo na kwa chini pamoja. Mwaka 1982, Bill Heald wa mji wa Basingstoke, Uingereza, alieleza kwamba puru yapasa kuondolewa pamoja na gamba lake lote la mafuta, bila kulichana. Waliofuata njia hiyo kwa uangalifu waliona saratani inayorudi katika nyonga ikipungua sana.

Kisha ikaja mionzi kabla ya kisu. Mwaka 1997 madaktari wa Sweden walitangaza kwamba wagonjwa waliopasuliwa bila mionzi walirudiwa na ugonjwa nyongani kwa kiasi cha 27 katika kila 100, na waliopewa mionzi kwanza kwa kiasi cha 11. Waliokuwa hai baada ya miaka mitano waliongezeka kutoka 48 hadi 58 katika kila 100. Mwaka 2001 Waholanzi, wakitumia upasuaji wa njia ya Heald, walionyesha kwamba katika miaka miwili ya kwanza mionzi ilishusha idadi hiyo kutoka 8.2 hadi 2.4 katika kila 100. Kwa hiyo upasuaji wa kwanza ndio wenye uzito kuliko yote. Ukifanywa kwa haraka na kwa mkono usiozoea, deni lake hulipwa baadaye.

Hata hivyo, wapo ambao ugonjwa huwarudia ijapokuwa walitibiwa vizuri. Mara nyingi hurudi katika miaka mitatu ya kwanza. Huweza kurudi nyongani pale pale, au kutokea katika ini au mapafu. Je, mtu huyo ahesabiwe kuwa amekwisha?

Jibu langu ni hapana, wala sijibu kwa hisia tu. Mwaka 1948, Alexander Brunschwig wa New York alieleza upasuaji mkubwa wa kuondoa viungo vyote vya nyonga vilivyoshikwa na saratani. Katika wagonjwa wake 22 wa kwanza, watano walikufa kwa sababu ya upasuaji wenyewe. Ilikuwa bei kubwa mno. Lakini ufundi uliendelea, na leo katika hospitali zilizozoea kazi hiyo wanaokufa kwa kisu chenyewe ni wachache. Mwaka 2018 hospitali za nchi mbalimbali zilikusanya habari za wagonjwa 1,184 waliopasuliwa hivyo kwa saratani ya puru iliyorudi. Wale ambao saratani yote iliondolewa, pasibaki hata chembe pembeni ya mkato, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 36. Zilipobaki chembe zisizoonekana kwa macho, ilikuwa miezi 27. Ulipobaki uvimbe unaoonekana, ilikuwa miezi 16 tu.

Tuzitazame hesabu hizo kwa makini. Mgonjwa hufaidika na upasuaji wa pili kwa kadiri saratani inavyoweza kuondolewa yote, na jambo hilo hutegemea sana imegunduliwa lini. Anayengoja mpaka maumivu yashuke mguuni, mara nyingi amengoja mpaka ugonjwa umefika katika mishipa ya fahamu au mfupa. Lakini ikionekana mapema kwa uchunguzi wa damu, kwa picha au kwa kidole cha daktari, huenda bado kuna nafasi ya kuizingira.

Hapa ndipo maisha ya askari yanapoleta taabu ya pekee. Chukua mfano wa koplo aliyepasuliwa leo. Ameambiwa arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu au sita. Mwezi wa pili anahamishiwa mpakani. Mwezi wa nne anaomba ruhusa, anaulizwa anaumwa nini, naye anaonekana mzima. Anaona haya kueleza, anakaa kimya. Mwaka wa pili anaanza kukonda, na faili lake liko katika kambi aliyokwisha kuihama. Koplo huyo ameshindwa na utaratibu wetu kabla hata saratani haijamshinda.

Kwa maoni yangu mambo matatu yanahitajika, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, tarehe ya kliniki ya mgonjwa wa saratani ihesabiwe kuwa amri, wala isiwe fadhila ya mkubwa wake. Pili, askari apewe nakala ya karatasi zake za upasuaji, azichukue kila ahamishwapo kama anavyochukua kitambulisho chake. Tatu, mganga wa kambi asimpe mtu dawa ya bawasiri kabla ya kumpima kwa kidole. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na kinaweza kugundua nyingi za saratani zilizo chini katika puru.

Watakuwapo watakaosema kwamba ni heri kufa kuliko kuishi na mfuko wa choo ubavuni. Nawaomba wafikiri tena. Askari aliyepoteza mguu vitani hatumwiti mtu wa aibu. Mwenye mfuko huo huweza kufanya kazi ya ofisi, kufundisha vijana na kulea watoto wake. Aibu iwe kwetu sisi tunaomcheka.

Lakini si haki kuwadanganya wagonjwa. Si kila saratani iliyorudi yafaa kupasuliwa. Hesabu nilizozitaja ni za watu waliochaguliwa kwa uangalifu, katika hospitali zenye wataalamu na vyombo. Sisi tunajua upungufu wetu. Chuo cha Saratani cha Uganda kilianzishwa mwaka 1967, lakini mashine pekee ya mionzi nchini humo ilipoharibika mwaka 2016, wagonjwa walikosa tiba hiyo nyumbani hadi mashine mpya ilipozinduliwa Januari 2018. Nchi isiyo na mashine ya akiba ni kama kikosi chenye bunduki moja.

Na pale ambapo kisu hakifai, kumtuliza mgonjwa asiteseke ni tiba pia. Katika jambo hilo Uganda imeonyesha njia. Tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa na Daktari Anne Merriman, limekuwa likiwapa wagonjwa mofini ya kunywa wakiwa majumbani mwao. Kumwacha askari mwenzetu alie kwa maumivu ambayo dawa yake ipo si jambo la kuvumilika.

Kwa hiyo, wewe askari unayesoma haya, ukiona damu, ukiona choo kimebadilika kwa majuma kadhaa, nenda ukapimwe. Wewe uliyekwisha kupasuliwa, usihesabu vita kuwa vimekwisha siku ya kutoka wodini. Miaka ile mitatu ya kwanza ndiyo lindo lako. Nawe kamanda, mtu wako anapoomba ruhusa ya kwenda kliniki ilhali anaonekana mzima, mpe. Huo ndio wakati ambao ruhusa yako ina faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote.