City Stadium: Madai Sita Yasiyosimama

Kila mpango mpya wa nyumba au barabara unapotajwa Eastlands, Nairobi, City Stadium ya Jogoo Road hurejea midomoni mwa watu. Wapo wanaosema uwanja huo umeshakufa, heri ubomolewe na ardhi ifanye kazi nyingine. Kila mtu ana haki ya maoni yake, lakini wenzetu hawa huyajenga juu ya historia yenye mashimo. Nayajibu madai yao makuu moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Ni uwanja wa kawaida tu, hauna historia ya kulindwa."

Kabla ya kuitwa City Stadium uliitwa African Stadium, na Jogoo Road inayopita mbele yake iliitwa Donholm Road. Nairobi ya mkoloni iligawanywa kwa rangi. Wazungu walichukua vilima vya magharibi, na Waafrika wakapangiwa mashariki, jirani na reli na viwanda: Muthurwa, Pumwani, Shauri Moyo, na baadaye Kaloleni. Uwanja huu ni sehemu ya mgawanyo huo. Ulitengewa watu waliobaguliwa, nao wakaufanya wao. Una umri mkubwa kuliko Jamhuri yenyewe, na ni nadra kupata mahali pa umma jijini panaposimulia ubaguzi huo waziwazi hivi.

Dai la pili: "Kandanda kubwa ilianza na Nyayo na Kasarani."

Uwanja wa Nyayo ulifunguliwa 1983. Kasarani ilifuata 1987, Kenya ilipoandaa Michezo ya Afrika. Ligi ya taifa ilikuwa imeanza tangu 1963, Nakuru All-Stars wakawa mabingwa wa kwanza. Miaka 20 hiyo katikati, mechi kubwa za Nairobi zilichezwa wapi? Kitovu kilikuwa Jogoo Road. Hicho ndicho kizazi cha Joe Kadenge, mshambuliaji ambaye Leonard Mambo Mbotela alimtangaza redioni mpaka "Kadenge na mpira" ikawa kauli ya taifa zima. Anayeanza hesabu mwaka 1983 amefuta kizazi kizima cha wachezaji.

Dai la tatu: "Ulikuwa uwanja wa ukabila."

Hapa pana ukweli nusu. Klabu ya Abaluhya iliundwa 1964 na Gor Mahia 1968, zote kwa misingi ya jamii. Mwaka 1980 serikali ikaagiza klabu ziache majina ya kikabila, na Abaluhya ikawa AFC Leopards. Hilo halikanushiki.

Hata hivyo, ligi haikuwa ya jamii mbili. Mwaka 1965 ubingwa ulikwenda Mombasa kwa Feisal, na 1972 ukachukuliwa na Kenya Breweries, timu ya kampuni. Nje ya uwanja, shabiki wa Ingwe (Leopards) na shabiki wa K'Ogalo (Gor Mahia) walipanga vyumba katika mtaa mmoja, wakachota maji bomba moja na kupanda basi moja Jumatatu asubuhi. Ushindani wao ulikuwa mkali, na mara nyingine ulivuka mpaka. Lakini kosa la mashabiki hutatuliwa kwa ulinzi na nidhamu. Kubomoa jukwaa hakumfundishi mtu adabu.

Dai la nne: "Wakazi ndio waliouharibu."

Viti vimevunjwa, ndiyo, na waliovivunja walistahili kushtakiwa. Uchakavu wa sehemu ya kuchezea, hata hivyo, una maelezo mengine. Uwanja uliwekewa nyasi bandia chini ya mradi wa FIFA wa kusaidia Afrika kuelekea Kombe la Dunia la 2010. Nyasi za aina hiyo zina masharti: zipigwe brashi mara kwa mara, chembechembe za mpira zinazopotea zirudishwe, viungo vinavyoachana vishonwe, na zulia lote libadilishwe baada ya takriban miaka 8 hadi 10. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo iliyo ya mtoto wa Makongeni aliyelipa kiingilio. Ni kazi ya mwenye uwanja.

Kadenge alipofariki Julai 2019, kaunti iliupa uwanja jina lake. Heshima hiyo alistahili kabisa, ila jina jipya halizibi zulia lililochanika.

Dai la tano: "Vipo vingine: Dandora, Camp Toyoyo, Umeme."

Vipo, na tunavishangilia. Uwanja wa Dandora sasa unapokea mechi za Ligi Kuu. Camp Toyoyo inahudumia Jericho, na pale Umeme, Ziwani, mashindano ya Koth Biro yamekuza vipaji kwa miongo kadhaa. Lakini kila kiwanja kina watu wake. City Stadium iko mahali ambapo mfanyakazi wa Industrial Area hufika kwa miguu akitoka kazini, na mkazi wa Kaloleni, Makongeni au Shauri Moyo hahitaji nauli. Isitoshe, mipango ya kubadilisha nyumba za chini kuwa maghorofa itaongeza watu mitaani humu. Watu wakiongezeka, mahali pa kuchezea hapapaswi kupungua.

Dai la sita: "Kubomoa ndiko kuboresha. Tazameni Nakivubo."

Tutazame. Nakivubo ya Kampala ilifunguliwa 1926 na kubomolewa 2017, kisha mwekezaji binafsi Hamis Kiggundu akaijenga upya. Ilifunguliwa tena 2024, ikiwa imezungukwa na maduka. Uwanja ulirudi, tukubali. Pia tukubali kwamba Kampala iliukosa kwa takriban miaka 7, na kwamba sasa umebeba jina la mwekezaji.

Nairobi ina sababu zaidi ya kuogopa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma, viwanja vya michezo vikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Na Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi ya umma iliyo mikononi mwa kaunti inashikiliwa kwa amana ya wakazi. Kaunti ni mlinzi wa mali hiyo.

Kwa hiyo anayetaka kuleta tingatinga Jogoo Road atuonyeshe kwanza mambo matatu: hati ya ardhi yenye mipaka ya uwanja wote, mkataba unaotamka nani atakuwa mwenyewe ujenzi ukiisha, na uwanja ambao timu za mtaa zitatumia muda huo wote. Asipokuwa nayo, mpango wake ni wa kunyakua ardhi, hata akiupamba kwa picha za maghorofa.