Matabibu Wawili na Nyota Mbili Zilizolipuka



Ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kusikia mtu akisema kwamba nyota ya fulani imefifia, au imechukuliwa, au inahitaji kusafishwa. Binti akichelewa kuolewa, biashara ikidorora, kijana akianguka mtihani, hatakosekana mtu wa kunong'ona kwamba tatizo ni nyota. Baada ya mnong'ono huja safari ya usiku kwa mpiga ramli, na baada ya safari huja gharama. Zipo nyumba zilizouza shamba kwa ajili hiyo, na zipo ndugu za damu zilizokatika kwa sababu shangazi au mama mdogo alitajwa kuwa ndiye mwizi wa nyota.

Wiki hii tumeona tusiliendee suala hilo kwa mlango wa fatwa, ambao una wenyewe, bali kwa mlango wa historia. Tutasimulia habari za matabibu wawili wa karne ya 11 waliokuwa mahasimu wakubwa, na ambao Allah (SWT) alijaalia kila mmoja wao aache habari ya tukio la mbinguni ambalo wanadamu wengi huishi na kufa bila ya kuliona mfano wake.

Mtoto wa mwoka mikate

Wa kwanza ni Ali ibn Ridwan. Alizaliwa Giza, ng'ambo ya mto Nile, mahali yalipo mapiramidi. Baba yake alikuwa mwoka mikate, na nyumba haikuwa na mali ya kumlipia mtoto walimu. Ali alijisomea mwenyewe kwa vitabu, na riziki aliitafuta kwa kutibu, kwa kusomesha na, jambo ambalo hatupaswi kulificha, kwa kuwatazamia watu nyota. Kutoka hapo alipanda daraja moja baada ya jingine mpaka akawa tabibu mkuu wa Misri, akaandika vitabu vingi, kikiwemo kile cha namna ya kujikinga na maradhi katika ardhi ya Misri.

Angali mwanzoni mwa masomo yake, mwishoni mwa mwezi wa Rajab mwaka 396 Hijria, sawa na 30 Aprili 1006, aliona upande wa kusini wa anga kitu ambacho jana yake hakukijua. Ilikuwa nyota mpya, ya mviringo, kubwa mara mbili na nusu au mara tatu kuliko Zuhura. Anga iliangazwa kwa nuru yake, na nuru hiyo aliikadiria kuwa zaidi kidogo ya robo ya nuru ya mwezi.

Hakuishia kushangaa. Alieleza nyota ilikuwa katika buruji gani na daraja ya ngapi, kisha akaorodhesha mahali lilipokuwa jua, mwezi na kila sayari iliyojulikana wakati ule. Maelezo hayo aliyaweka katika sherehe aliyoandika juu ya kitabu cha Batlamyus, mwanazuoni wa Kiyunani wa Iskandaria.

Maandishi hayo yalikaa karne kwa karne. Mwaka 1965 mwanahistoria Bernard Goldstein aliyachunguza, akaona kwamba sayari zilizotajwa hukaa katika mpangilio ule kwa tarehe 30 Aprili 1006. Mwaka huohuo wataalamu wa darubini ya redio ya Parkes, huko Australia, walitambua katika sehemu hiyo ya mbingu pete ya moshi na vumbi inayozidi kutanuka: mabaki ya nyota iliyolipuka. Wanasayansi wanaihesabu kuwa nyota angavu kuliko zote zilizowahi kuandikwa na wanadamu. Nyota ilikwisha kutoweka machoni, mwandishi amekwisha kuzikwa, lakini hesabu za kijana maskini wa Giza zilikuwa bado zinatoa ushahidi.

Nyota moja, tafsiri mbili

Ibn Ridwan hakuwa peke yake aliyeiona. Watawa wa St. Gallen, katika nchi ya Uswisi ya leo, waliiandika kwa miezi mitatu ikiwa chini kabisa ya upeo, nusura ifichwe na milima. Waliiona Wayemeni, Wachina na Wajapani. Na hapa ndipo tunapomwomba msomaji asimame kidogo.

Ibn Ridwan, baada ya kueleza alichokiona kwa uaminifu mkubwa, aliongeza alichokidhani. Alisema buruji ya Nge ni ya nuksi, na kwa hiyo vilifuata vita, ukame, bei kupanda na njaa, na maelfu kwa maelfu wakafa kwa upanga na kwa maradhi. Huko China, wakati wa utawala wa Song, ofisa mmoja aitwaye Zhou Keming alirejea mji mkuu kutoka safarini akakuta watu wamejaa hofu kwa sababu ya nyota hiyohiyo. Yeye alimwandikia mfalme kwamba ni nyota ya heri na neema, hivyo watu waachwe washerehekee.

Nyota ni moja na usiku ni mmoja. Cairo imekuwa nuksi, China imekuwa baraka. Waliotofautiana si katika kuona, kwani wote waliona sawasawa. Walitofautiana pale walipoacha kueleza kilichopo mbinguni wakaanza kuisemea nyota yale ambayo nyota yenyewe haikuyasema.

Mgeni kutoka Baghdad

Tabibu wa pili ni Ibn Butlan, Mkristo wa Baghdad, mtu wa elimu pana na ulimi mkali. Mwaka 441 Hijria, yaani kati ya 1049 na 1050, alifika Misri, akagongana na Ibn Ridwan. Chanzo cha ugomvi wao kinachekesha: walibishana juu ya kifaranga cha kuku na kinda la ndege, ni kipi chenye maumbile ya joto zaidi. Kutoka hapo barua zilipishana, kila mmoja akimvunjia mwenzake heshima ya elimu yake. Inasimuliwa kwamba Ibn Butlan alifika hadi ya kuufanyia mzaha uso wa Ibn Ridwan na kumwita mamba wa majini. Wataalamu wakubwa, na matusi ya watoto!

Mwishowe Ibn Butlan aliondoka kwa hasira, akaenda Constantinople, mji mkuu wa dola ya Rumi. Aliukuta mji katika mwaka wa misukosuko. Ilikuwa 1054, mwaka ambao wajumbe wa Papa na Patriaki wa mji huo walitengana kwa laana, tukio ambalo historia inalihesabu kuwa alama ya kugawanyika kwa Ukristo wa Mashariki na wa Magharibi mpaka leo. Pamoja na hilo lilikuja tauni. Ibn Butlan aliandika kwamba makaburi yalijaa, na watu 14,000 wakazikwa katika kanisa la Luka. Akataja pia kwamba katika mwaka 446 Hijria ilidhihiri nyota ya ajabu katika buruji ya Mapacha, na kwamba baada yake maji ya Nile yalipungua na watu wa Misri wakafa kwa wingi.

Habari hiyo ilihifadhiwa na Ibn Abi Usaybi'a katika kitabu chake cha tarehe za matabibu. Ilipofika 1978 ndipo wataalamu walipotangaza kuwa huo ni ushahidi wa nyota ileile ambayo Wachina waliiona tarehe 4 Julai 1054, ikaonekana hata mchana kwa siku 23, na usiku kwa muda unaokaribia miaka miwili. Mabaki yake yangali yanaonekana kwa darubini, wingu liitwalo la Kaa. Katikati yake lipo gimba dogo lenye upana wa kilomita 20 hivi, lenye uzito unaozidi ule wa jua letu, na linajizungusha takriban mara 30 kwa kila sekunde moja. Subhanallah.

Hivyo mahasimu wawili, waliokataa kukubaliana hata juu ya kifaranga, wameingia pamoja katika vitabu vya elimu ya anga. Mmoja aliiandika nyota ya 1006, mwingine ya 1054. Matusi yao yamebaki mzaha wa wanahistoria, na ushahidi wao umebaki hazina.

Safari ya nuru

Elimu ya leo inatuambia nini juu ya nyota hizo? Ile ya 1006 ilikuwa mabaki ya nyota iliyokwisha mafuta yake, ikalemewa na mada iliyotoka kwa mwenzake mpaka ikalipuka yote, pasibaki hata kiini. Ile ya 1054 ilikuwa nyota kubwa mno, ambayo kiini chake kiliporomoka kwa uzito wake chenyewe na tabaka za nje zikatupwa mbali. Katika milipuko ya namna hii hutawanywa chuma kama kile kilichomo katika damu zetu.

Umbali wa nyota ya Ibn Ridwan unakadiriwa kuwa miaka ya nuru 7,000 na ushei. Mwaka mmoja wa nuru ni masafa ambayo nuru huyakata kwa mwaka, yaani kilomita trilioni tisa na nusu hivi. Maana yake ni kwamba mlipuko alioushuhudia kijana yule haukutokea usiku ule. Ulitokea maelfu ya miaka kabla, na nuru yake ikawa njiani muda wote huo. Mapiramidi aliyoyaona Ibn Ridwan tangu utotoni mwake yalijengwa wakati nuru hiyo imekwisha kusafiri zaidi ya miaka 3,000. Ilipoanza safari hapakuwa na mfalme yeyote kati ya wale waliodhani imekuja kwa ajili yao.

Somo lililotangulia

Sisi Waislamu hatukuhitaji kuisubiri darubini ili tulijue hilo. Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mdogo wa Mtume (S.A.W), na siku hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Fikiria, ndugu msomaji: baba amefiwa, umma mzima unalia pamoja naye, na watu wanasema mbingu zenyewe zimeomboleza. Mtu mwenye kutafuta ukubwa angenyamaza tu, na kunyamaza kungetosha. Mtume hakunyamaza. Kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliwafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na wakiona jambo hilo wasimame katika sala. Alilisema hilo katika siku ya msiba wake.

Ikiwa jua halikupatwa kwa mtoto wa Mtume, kwa hoja ipi tutaambiwa kwamba nyota fulani imefifia kwa ajili ya duka la fulani?

Tuyapeleke wapi haya nyumbani?

Hatumdharau Ibn Ridwan. Alikuwa mtu wa zama zake, na zama zake ziliichanganya elimu ya nyota na utabiri wa nyota. Tunachojifunza kwake ni kupambanua. Alipoandika alichokiona kwa macho, alisaidia elimu mpaka karne ya 20. Alipoandika alichokidhani, hakumfaa mtu. Mzazi anaweza kumfundisha mwanawe upambanuzi huo kila siku: mwanangu, hilo umeliona au umelidhani? Swali hilo moja lingeokoa undugu mwingi, maana anayesema shangazi kaiba nyota hajaona kitu. Amedhani, na dhana yake imekwisha kuvunja nyumba.

La pili ni kuandika. Nyota ya 1006 ilikuwa kusini ya anga, na kwa hiyo kutoka Lamu, Unguja au Kilwa ilipanda juu zaidi sana kuliko ilivyoonekana Misri. Uislamu ulikuwa umekwisha kufika pwani hii, na msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 Hijria, karne moja tu baadaye. Wazee wetu waliokuwa wakisafiri kwa nyota waliishi chini ya anga hiyohiyo, lakini aliyekumbukwa na dunia ni yule aliyeshika kalamu. Mangapi waliyoyaona babu na bibi zetu yanazikwa pamoja nao kila mwaka, kwa sababu hapakuwa na mjukuu mwenye daftari?

Basi usiku mmoja wa wiki hii, baada ya sala ya Isha, tutoke na watoto uani au juu ya paa, mbali kidogo na taa. Tuzitazame nyota bila ya kuziogopa na bila ya kuziomba. Tuwaambie kwamba hakuna hata moja kati yake inayojua majina yao, na kwamba Aliyeziumba zote anayajua. Kisha tuwape daftari waandike tarehe, saa, na walichokiona.

Wabillahi tawfiq.